Darasa la sanaa la Jumamosi: namna ya kulianzisha na kulilea kwa watoto wa mtaa wenu

Karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una mtu anayeishi kwa kazi ya mikono: mchora mabango, fundi batiki, msusi wa mikeka, seremala anayechonga maua kwenye vitanda. Wengi wao wana kibanda au ua ambao Jumamosi asubuhi hauna pilikapilika. Mtaa huohuo una watoto ambao siku hiyo hawana pa kwenda zaidi ya mbele ya televisheni ya jirani. Mwongozo huu ni kwa mtu au kikundi chenye sehemu ya namna hiyo, kinachotaka kuwafungulia watoto darasa la sanaa. Nimeuandika nikiwa na Dar akilini, lakini mtu wa Tanga, Mombasa au Kigoma ataona mwenyewe cha kubadili.

Kuna jambo nitakalolirudia mpaka pengine nikuchoshe. Darasa hili halipo ili litoe picha nzuri. Lipo ili mtoto apate muda, vifaa, na mtu mzima anayejua kujizuia. Picha nzuri zitakuja, na nyingine zitakushangaza, lakini ukizifanya ndiyo shabaha utajikuta unazimalizia wewe.

1. Tafuta sehemu, kisha nenda serikali ya mtaa

Mahitaji ya sehemu ni machache: kivuli, mwanga wa kutosha, maji, choo, na sakafu isiyoogopa kuchafuliwa. Meza si lazima. Jamvi na vipande vya mbao vya kuegemezea karatasi vinatosha, na watoto wadogo wanachora vizuri zaidi wakiwa wamekaa chini kwa sababu mkono wote unapata nafasi ya kuzunguka.

Baada ya hapo mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji. Waeleze nani atafundisha, siku gani, watoto wa umri gani. Hii si heshima tu. Mzazi akisikia kwamba mwenyekiti analijua darasa, atamleta mtoto kwa moyo mweupe. Kikundi kikikua na kutaka kutambulika rasmi kama kikundi cha sanaa, mlango wake ni Baraza la Sanaa la Taifa, yaani BASATA.

Usalama upange kabla ya kununua hata penseli moja. Wawepo watu wazima wawili muda wote. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja nyuma ya mlango uliofungwa, hata kama mtu huyo ni wewe mwenyewe na kila mtu anakuamini. Weka daftari lenye jina la mtoto, umri, simu ya mzazi, jina la anayeruhusiwa kuja kumchukua, na ugonjwa wowote wa kuangaliwa kama pumu au kifafa. Bandika ukutani namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto. Picha za watoto usizirushe mitandaoni bila ruhusa ya mzazi, na mtoto akikataa kupigwa picha, jibu lake liheshimiwe.

2. Panga muda kwa kuwauliza wazazi

Saa tatu hadi saa tano asubuhi ya Jumamosi ndiyo saa inayowafaa wengi, ila usiamue peke yako. Wapo watoto wenye madrasa, wapo wa tuisheni, wapo Wasabato ambao Jumamosi ni siku ya ibada. Ukiona nusu ya mtaa inabanwa, hamia Jumapili alasiri.

Wagawe kwa umri: miaka 4 hadi 6, 7 hadi 10, na 11 kuendelea. Wadogo dakika 45 zinawatosha, wakubwa wanaweza kwenda saa moja na nusu bila kuchoka. Kwa walimu wawili, watoto 15 ni kiwango cha juu. Wakizidi, wapokee kwa zamu, kundi hili wiki hii na lile wiki ijayo, kuliko kuwajaza wote siku moja ukaishia kupiga kelele za “tulieni”.

3. Vifaa: anzia jikoni, jalalani na ardhini

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa bure. Wanaingia dukani, wanauliza bei ya rangi za wasanii, wanarudi nyumbani na kufuta wazo lote. Nunua vichache: karatasi za manila, krayoni, gundi nyeupe ya mbao, mikasi yenye ncha butu, rangi za chakula. Vingine vyote vipo karibu yako. Waambie watoto waje na maboksi, magazeti, vizibo vya soda, vifuu vya nazi, mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi cherehani. Mtoto ambaye wazazi wake hawana mchango wa fedha akileta boksi, ameshalipa.

Rangi ya unga inapikwa hivi. Koroga nusu kikombe cha unga wa ngano katika maji baridi kidogo mpaka mabonge yaishe. Chemsha vikombe viwili vya maji, mimina mchanganyiko huo taratibu huku ukikoroga kwa mwiko, na uache kwenye moto mdogo mpaka uwe mzito kama uji wa mtoto. Tia kijiko kikubwa cha chumvi ili isichache haraka. Ikipoa, igawe kwenye vikopo na kila kikopo ukitie rangi yake. Kwa joto la Dar, pika Ijumaa jioni na usitegemee itafika wiki ya pili. Unga uleule ukipikwa bila rangi ni gundi nzuri ya karatasi.

Rangi za udongo zinawafundisha watoto zaidi ya rangi yoyote ya dukani. Chukua udongo mwekundu, uloweke kwenye ndoo, koroga, subiri kidogo mchanga uzame, kisha mimina maji yenye tope kwenye chombo kingine kwa kupitishia kitambaa. Acha yatulie, mwaga maji ya juu, anika tope lililobaki, lisage. Changanya unga huo na gundi nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, au na kiini cha yai, na tayari una rangi inayoshika kwenye karatasi na kwenye ubao. Nyeusi inatoka kwenye mkaa uliosagwa ukiwa na unyevu ili vumbi lisiruke. Nyeupe itoe kwenye chaki au udongo mweupe kama ule wa Pugu. Chokaa ya kupakia ukuta usiiguse kwa kazi hii, inaunguza ngozi na macho.

Kisha kuna zoezi la rozela, ambalo sijaona kundi la watoto lisilolipenda. Chemsha maua makavu ya rozela katika maji kidogo mpaka yakolee, waache watoto wapake maji hayo kwenye karatasi nyeupe. Wape vijiti viwili, kimoja cha kuchovya kwenye maji ya limao, kingine kwenye maji yaliyotiwa magadi kidogo ya kupikia makande. Penye limao rangi inawaka nyekundu. Penye magadi inageuka kuwa buluu ya kijivu au kijani. Manjano ya jikoni nayo ikikutana na magadi inakuwa nyekundu ya matofali. Usiwaambie mapema nini kitatokea. Waache wagundue, wabishane, wajaribu kuchanganya limao na magadi mahali pamoja waone povu. Waeleze pia kwamba rangi za mimea hupauka zikikaa juani. Wengine watafurahi kuirudia kazi, wengine wataificha ndani ya daftari.

Brashi zinatengenezeka. Kijiti cha mswaki kilichotafunwa ncha ni brashi ngumu inayofaa mistari, kila mtoto na chake. Kipande cha sponji kutoka kwenye godoro bovu kinafaa kujaza sehemu pana.

Neno la tahadhari kwa studio za watu wazima. Rangi za mafuta, thina na spiriti si za watoto, na mvuke wake hauishii kwenye meza moja, kwa hiyo zifungwe na chumba kipate hewa kabla hawajaingia. Fundi batiki afungie kostiki na dawa zake zote kabatini. Nta ya moto pia iache. Watoto wanaweza kufanya batiki kwa uji mzito wa unga wa ngano: wanachora nao kwenye kitambaa, unakauka, rangi inapakwa juu, kisha uji unakwanguliwa na pale ulipokuwa panabaki peupe.

4. Ujue mkono wa kila umri

Mtoto wa miaka miwili mitatu anakoroga mistari, na raha yake ni kuona kwamba mkono wake umeacha alama. Kwenye miaka minne mitano anachora mtu mwenye kichwa kikubwa ambacho miguu inaota humo humo, hakuna kiwiliwili. Miaka saba minane anaweka mstari wa ardhi chini na utepe wa buluu juu, na katikati hakuna kitu. Anachora nyumba na watu waliomo ndani wanaonekana, kana kwamba ukuta ni kioo. Anachora mama mjamzito na mtoto tumboni.

Hayo yote si makosa. Mtoto anachora anachokijua, hajaanza kuchora anachokiona. Ukimsahihisha hapo, anachojifunza ni kwamba macho yako ndiyo yenye haki, na wiki ijayo atakuuliza “mwalimu, nichore nini?” kabla hata hajaishika krayoni.

Nilimwona mtoto wa miaka mitano akimchora mbuzi. Akaweka miguu minne, akaitazama, akaongeza miwili. Msaidizi wa darasa alikuwa ameshainama kumwonyesha, mwalimu akamzuia kwa mkono na kumwambia mtoto, “Hebu nisimulie huyu mbuzi.” Mtoto hakuinua hata uso. “Anakimbia, mwalimu. Kesho Idi.” Miguu sita ndiyo ilikuwa mbio zenyewe. Kama angefutiwa miwili, tungebaki na mbuzi sahihi aliyesimama.

Wa miaka tisa kumi na kuendelea ni habari nyingine, na hapa nawapinga wanaosema mtoto aachwe tu. Umri huu ndipo anapoanza kulinganisha picha yake na kitu chenyewe, anaona havifanani, na anatamka neno linalozima vipaji vingi: “Mimi sijui kuchora.” Kumsifia hakumsaidii, maana anajua unamfariji. Anachotaka ni ujuzi. Mpe. Mwambie avue kandambili yake moja aiweke mbele. Achore bila kuangalia karatasi, macho yafuate ukingo wa kandambili polepole na mkono ufuate macho. Matokeo yatakuwa ya ajabu na wote watacheka. Mara ya pili asichore mikanda, achore nafasi iliyo kati ya mikanda. Mara ya tatu aichore kawaida. Atashangaa mwenyewe. Baada ya hapo mletee birika, mfundishe kivuli kinaangukia upande gani na kwa nini.

5. Kipindi chenyewe

Anza kwa mduara na kitu cha kutazama au kushika: kifuu, jani la mkungu, kipande cha kanga, ganda la kombe. Dakika chache tu za kuuliza wanaona nini. Kisha toa zoezi kwa sentensi moja, na vifaa viwe tayari vimepangwa. Usitundike ubaoni mfano uliokwisha kutengenezwa. Ukitundika samaki, utavuna samaki 15 wanaofanana, na mtoto aliyetaka kuchora daladala atachora samaki.

Wakati wa kazi, tembea na ukae kimya zaidi kuliko ulivyozoea. Mtoto akikwama, muulize swali. Akiomba kuonyeshwa, mwonyeshe kwenye karatasi yako pembeni, kamwe usiguse yake. Ukihisi mkono unawasha, ushike kitambaa cha kufutia rangi. Ruhusu mtoto aharibu, aanze upya, au akae dakika kumi akitazama wenzake. Huyo anayetazama mara nyingi anafanya kazi.

Robo saa ya mwisho ni ya kuosha. Watoto waoshe wenyewe vikopo na vijiti, wafute jamvi, waanike kazi kwenye kamba. Wakati wa masika kazi za majimaji hazikauki na karatasi zinaota ukungu, kwa hiyo miezi hiyo hamia kwenye mkaa, kukata maboksi na kufinyanga.

6. Mazoezi matatu ya kuanzia

Kanga yangu. Lete kanga halisi, watoto waonyeshe pindo, mji na jina. Kila mmoja atengeneze yake kwenye manila: achague cha kuweka katikati, arudie pambo moja kuzunguka pindo lote, na aandike jina, yaani ujumbe anaotaka mtu wa nyumbani ausome. Msiwape methali. Ndipo utapata “Kaka nirudishie penseli yangu” na nyingine ambazo mzazi akizisoma atakaa kimya kidogo.

Njia ya kuja hapa. Mtoto achore ramani kutoka mlango wa kwao hadi studio bila maandishi, na kila kitu kiwe na ukubwa kulingana na anavyokijali. Mbwa wa jirani huwa mkubwa kuliko msikiti.

Mnyama wa maboksi. Wawili wawili wanajenga mnyama asiyekuwepo kwa kadibodi, vizibo na gundi ya unga, kisha wanasimulia anakula nini na anamwogopa nani. Kazi ya kujadiliana ni nusu ya zoezi, usiwaingilie mpaka wakaribie kugombana.

7. Namna ya kuzungumza juu ya kazi

“Nzuri sana!” ikisemwa kwa kila mtoto haina uzito, na “hii ni nini?” inamwambia kwamba ameshindwa kueleweka. Sema ulichokiona: “Kona hii umeijaza buluu mpaka karatasi imelowa.” “Hapa mistari imekuwa midogo ghafla, ilikuwaje?” Kisha ngoja. Mtoto anayenyamaza aachwe anyamaze. Usiwashindanishe, usitoe zawadi kwa mshindi wa kwanza. Mashindano wanayo ya kutosha shuleni.

Mara chache mtoto huchora jambo zito: kupigwa, kuguswa, mtu anayemwogopa. Usimhoji mbele ya wenzake wala usijifanye mganga wa picha, kwani wingi wa rangi nyeusi si ushahidi wa lolote. Lakini akikuambia jambo kwa kinywa chake, msikilize, usimwahidi siri, na piga 116 au mwone ofisa ustawi wa jamii.

8. Kuiga na kutoiga

Swali la kama mtoto aige litakujia mapema, hasa Dar, kwa sababu ya mtindo wa uchoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa vifaa vya fundi wa kawaida, vipande vya hadibodi na rangi za enameli, akiuza kazi zake karibu na Morogoro Stores, Oysterbay. Alikufa mwaka 1972, lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa, nao wakawafundisha wengine, wakifuata mkono wa mwalimu mpaka mkono wao ukawa tayari. Njia hiyo imelisha familia nyingi na inastahili heshima. Ni njia ya kumtengeneza fundi.

Mtoto wa miaka saba hajaja kuwa fundi. Ukimpa chui wa Tingatinga anakili, atanakili. Cha kuchukua kwa Tingatinga ni namna alivyoanza: alitumia kilichokuwepo, akajaza ubao wote kwa mnyama mmoja, hakumngoja mtu amwambie. Elimo Njau, mchoraji wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi miaka ya 1960, alikuwa na kauli kali zaidi, kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Mimi nailegeza kwa wakubwa: kijana wa miaka 13 anayetaka kujua nukta za Tingatinga zinawekwaje, mpeleke kwa wachoraji wenyewe Oysterbay, akae nao. Akirudi, mwombe achore mnyama wa mtaa wake kwa mbinu hiyo.

Ziara nyingine za kupanga ni Nafasi Art Space kule Mikocheni, ambako watoto wanawakuta wasanii wakiwa kazini, wachonga vinyago wa Mwenge, na Kijiji cha Makumbusho. Nenda na kundi dogo na daftari za kuchorea, kaeni mbele ya kitu kimoja kwa muda mrefu.

9. Wazazi

Atakuja baba mmoja na kusema, “Mwalimu, nimemleta mwanangu ajue kuchora, mbona anarudi na madoa tu?” Usimjibu kwa hotuba. Mwambie, “Karibu baba, Jumamosi ijayo njoo ukae naye nusu saa,” umpe karatasi na yeye. Atakayeuliza kama kuchora kunalisha, mwonyeshe bango la duka lililo karibu, kanga aliyovaa mkewe, chapa iliyo kwenye mfuko wa unga, na umweleze kwamba kila kimoja kilichorwa na mtu anayelipwa. Kisha mwambie ukweli: wengi wa watoto hawa hawatakuwa wachoraji, na darasa linawafaa vilevile, kwa sababu wanazoea kuanza jambo bila kuambiwa na kulimaliza bila kuogopa.

Kila baada ya miezi mitatu fanyeni maonyesho. Kamba, vibanio vya nguo, na kazi moja ya kila mtoto, aichague mwenyewe. Chini ya kila kazi andika maneno ya mtoto kama alivyoyasema, bila kuyanyoosha. Watoto ndio wawapitishe wageni. Kazi zisiuzwe siku hiyo. Bei ikiingia, watoto huanza kuchora kilichonunuliwa.

10. Anayetaka kuendelea

Tunza jalada la kila mtoto, kadibodi mbili zilizofungwa kwa uzi, kazi zikiwa na tarehe nyuma. Baada ya mwaka mtoto mwenyewe ataona mkono wake ulikotoka, na wewe utamwona yule mmoja au wawili ambao hawawezi kuacha. Hao waongezee muda siku za wiki, wape funguo za kabati la vifaa, wafanye wasaidizi wa kundi la wadogo. Akimaliza sekondari na bado anataka, ipo Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ipo idara ya sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wapo mafundi wa mtaa wanaopokea wanagenzi. Nenda naye na mzazi wake mkaulize sifa za kujiunga mapema, angalau mwaka mmoja kabla, na mbebe lile jalada.